Gari limebonyea lakini rangi ni nzima: usikimbilie puti

Kwenye ukurasa huu tumezoea kuongelea ada za kutuma pesa na vikundi vya akiba, na leo tunaongelea bodi ya gari. Msishangae. Mshahara wa ughaibuni mara nyingi hauliwi na mambo makubwa. Unaliwa na vidharura vya ghafla ambavyo mtu analipia haraka-haraka, kwa aibu au kwa woga, bila kuuliza kama ipo njia nyingine.

Kaka mmoja, mtu wa Tanga, dereva wa nyumba huko Muscat, alituandikia usiku akiwa amechanganyikiwa. Alimpeleka madam dukani, akaegesha, toroli la mtu likateremka lenyewe na kugonga mlango wa nyuma. Mlango ukabonyea, upana wake kama kifuniko cha chupa ya jamu. Rangi haikuchubuka. Gereji ya kwanza waliyokwenda ikasema mlango unyooshwe, ujazwe puti, upigwe rangi mlango mzima pamoja na ubavu wa nyuma ili rangi zifanane, jumla rial 55. Mshahara wake ni rial 130. Madam akasema zitakatwa mwisho wa mwezi. Na mwisho wa mwezi huohuo ndipo alitakiwa kutuma ada ya shule ya mtoto.

Tulimjibu kwa ufupi: mwombe madam siku mbili, usikubali puti kwanza, tafuta mtu wa shaft.

Hilo neno wengi mnaoishi Ghuba mmeshaliona kwenye vibao vya sanaiya bila kujua ni nini. Si shafti ya magurudumu. Ni Kiarabu, maana yake kufyonza, na ukiona kibao cha "shaft sadamat" ujue hapo wanatoa mibonyeo ya bodi bila kupiga rangi. Walioko Uingereza na Marekani wataona herufi tatu, PDR. Ni kazi ileile. Fundi anairudisha bati mahali pake polepole, na rangi ya kiwandani inabaki palepale ilipokuwa.

Bati inakumbuka

Chukua kifuniko cha kopo la biskuti, kibonyeze katikati kwa kidole gumba, ukiachie. Kinarudi chenyewe, tak! Kibonyeze kwa nguvu zaidi, hakirudi, lakini ukikisukuma kwa upande wa ndani kinarudi karibu sawa na mwanzo. Kikunje kwenye ukingo, hapo basi, hata ukinyoosha mkunjo utauona. Bodi ya gari ni hivyohivyo. Bati ya chuma ilipewa umbo lake kiwandani kwa mashine yenye nguvu sana, na ikibonyea kidogo inakuwa bado "inataka" kurudi. Kazi ya fundi ni kuisaidia irudi bila kuivuta ikatanuka.

Anafanya kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kusukuma kutoka ndani. Ana vyuma virefu vyenye ncha za maumbo mbalimbali, anavipitisha kwenye mwanya wa kioo cha mlango, au anatoa taa ya nyuma, au anafungua plastiki ya ndani, halafu anasukuma kidogo-kidogo, vipigo vidogo vingi sana badala ya kimoja kikubwa. Mbele yake ameweka taa yenye mistari. Mistari ikipita juu ya bodi iliyonyooka inaonekana imenyooka, ikipita kwenye mbonyeo inapinda. Anaiangalia hiyo mistari muda wote, wala haangalii mbonyeo wenyewe. Pale bati ilipotokeza juu kuzunguka bonde, anaigonga taratibu irudi chini kwa kijiti chenye ncha ya plastiki. Hii ndiyo sehemu inayotenganisha fundi na mbabaishaji, kwa sababu mbonyeo wowote una bonde na una kilima kando yake, na mbabaishaji anashughulika na bonde tu.

Njia ya pili ni gundi. Mahali ambapo vyuma havifiki, anabandika vifungo vya plastiki kwa gundi ya moto, anavuta kwa kifaa chake, kisha anaiachisha gundi kwa spiriti. Rangi ya kiwandani inavumilia. Rangi iliyopigwa gerejini, hasa yenye puti chini yake, inaweza kung'oka na gundi. Kwa hiyo kama mlango ulishawahi kupigwa rangi, mwambie fundi kabla hajaanza. Na kama gari si lako, mwambie mwenye gari pia.

Mbonyeo mmoja mdogo unachukua kama nusu saa hadi saa mbili. Puti na rangi ni siku mbili au tatu, na siku hizo gari haliko nawe. Kwa dereva wa nyumba anayepeleka watoto shule, au fundi ujenzi anayebeba wenzake watatu kwenda saiti kwa kuchangia mafuta, siku tatu bila gari zina bei yake, tena haiandikwi kwenye risiti.

Upi unatoka na upi hautoki

Kabla hujaenda popote, fanya ukaguzi wako mwenyewe. Osha hiyo sehemu, ikauke, halafu usiku weka tochi ya simu pembeni kabisa, mwanga ulale juu ya bodi. Pitisha ukucha. Kama rangi imepasuka, hata ufa mwembamba kama unywele, kunyoosha bila rangi kutarudisha umbo lakini ufa hautaziba, na sisi tunaoishi miji ya pwani, Muscat, Dubai, Jeddah, tunajua unyevu wa bahari unavyofanya kazi kwenye chuma kilicho wazi. Hapo inabidi rangi. Unaweza kumwomba fundi anyooshe kwanza ili puti iwe kidogo au isihitajike kabisa, halafu rangi ipigwe sehemu ndogo.

Rangi ikiwa nzima, tazama umbo. Bonde pana lenye mteremko laini ni rahisi kuliko shimo dogo lenye ncha. Hilo linawashangaza wengi, kwamba mbonyeo mpana kama sahani unaweza kuwa wa bei ndogo kuliko ule wa kona ya mlango wa jirani uliopiga kama nyundo. Halafu tazama mahali. Katikati ya mlango au ya boneti ni sawa. Kwenye ukingo wa mlango, kwenye ule mstari mkali wa urembo unaopita ubavuni, au kwenye nguzo za paa ambako bati ziko mbili zimefungana, ni vigumu na mara nyingine haiwezekani. Boneti ya aluminiamu nayo fundi ataongeza bei, kwa sababu aluminiamu haina kumbukumbu nzuri kama chuma. Utaijuaje? Weka sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, kwenye aluminiamu haishiki kabisa.

Bampa liweke pembeni. Hilo ni plastiki, na shaft si kazi yake. Bampa lililobonyea bila kupasuka wakati mwingine linarudi kwa maji ya moto na kusukuma kwa ndani, na ukilijaribu vaa glavu.

Na kama bati imetanuka sana, utaisikia. Ukiibonyeza kwa kidole inafanya tak-tak kama kile kifuniko cha biskuti, inaingia na kutoka. Fundi mkweli akisikia hivyo atakwambia hawezi kuirudisha asilimia mia. Fundi huyo ndiye wa kumwamini.

Kosa letu wenyewe

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana ndiyo kazi tuliyosomea. Na tuanze na aibu yetu.

Tulipokuwa Sharjah tulinunua gari dogo la mtumba kwa dirham 19,000. Miezi mingi tukalitumia vizuri. Siku moja tukalikuta kwenye maegesho limebonyezwa mlango wa mbele, mbonyeo wa kawaida, rangi nzima. Tukaenda gereji ya karibu, wakasema dirham 400, mlango utarudi mpya. Tukaona ni bei nzuri, tukalipa. Na kweli mlango ulirudi unang'aa kuliko milango mingine yote, hiyo yenyewe ingetosha kutushtua.

Tulipotaka kuliuza, mnunuzi alikuja na kidude kidogo mkononi, kama rimoti. Akawa anakigusisha kwenye bodi, mlango hadi mlango, kinalia, kinaonyesha namba. Kidude hicho kinapima unene wa rangi kwa maikroni, yaani sehemu ya elfu moja ya milimita. Rangi ya kiwandani mara nyingi ni kama maikroni 100 hadi 150. Sehemu iliyopigwa rangi juu ya rangi kwa kawaida inavuka 200, na yenye puti inaweza kwenda mamia mengi, hata kuvuka 1,000. Mlango wetu ulisoma 900 na kitu. Jamaa hakusema neno. Akafunga kidude, akasema gari limepata ajali. Tukamwelezea kwamba ni mbonyeo tu wa maegesho. Akasema inawezekana, lakini yeye anaona puti, na hajui chini ya puti kuna nini. Akakata dirham 1,500. Wa pili alikata karibu hivyohivyo. Tukauza.

Tuliweka hesabu hiyo kwenye daftari baadaye, kwa uchungu. Gharama ya ule mlango haikuwa 400. Ilikuwa 400 na 1,500, jumla 1,900. Mwenzetu mmoja aliyepata mbonyeo unaofanana sana na wetu alinyoosha bila rangi kwa dirham 150. Tofauti ni 1,750. Dirham imefungwa kwenye dola kwa 3.67 hivi, kwa hiyo ni zaidi ya dola 470 tulizozizika chini ya puti. Ni kweli mnunuzi angetafuta kisingizio kingine cha kushusha bei, wanunuzi wa magari ndivyo walivyo. Lakini tusingempa sisi wenyewe.

Kwa nini rangi ya kiwandani inathaminiwa hivyo? Si ushamba wa watu wa Ghuba. Kiwandani bodi inachovywa tupu kwenye dawa ya kuzuia kutu, kisha rangi inaokwa kwenye joto la digrii zaidi ya 120. Gereji haiwezi kufanya hivyo, maana gari tayari lina nyaya, viti na plastiki, kwa hiyo wanakausha kwenye joto la digrii 60 hivi, na gereji ya bei ya chini inakausha kwa jua. Rangi hiyo inaweza kuwa nzuri, mafundi hodari wapo. Lakini mnunuzi hana njia ya kujua ilipigwa na hodari au na nani, na jua la huku halina huruma na rangi mbaya. Baada ya miaka miwili utaona ile ngozi ya juu inaanza kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua.

Jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii: magari ya Ghuba usukani uko kushoto. Ukirudi Kenya au Tanzania tunaendesha upande mwingine, kwa hiyo wengi wetu hatuyapeleki nyumbani. Tunayauza hukuhuku siku ya kuondoka, tena kwa haraka, visa inaisha na tiketi iko mfukoni. Mnunuzi anajua una haraka. Usimwongezee silaha.

Lini usitengeneze kabisa

Hapa tutatofautiana na mafundi. Kama gari lako ni la zamani, thamani yake dirham 6,000, lina mibonyeo mitano na bampa lilishapakwa rangi, liache. Anayenunua gari la namna hiyo anataka injini, gia na kiyoyozi. Kila dirham utakayoweka kwenye bodi haitarudi. Gari ni lako, rangi haijapasuka, huna mpango wa kuuza karibuni: mbonyeo hauli chochote. Unaweza kukaa nao miaka mitatu ukautoa wiki moja kabla ya kuuza, na bei itakuwa ileile, kwa sababu mbonyeo haukui. Sisi tumeona mtu anakopa kwa wenzake kambini ili anyooshe mlango wa gari lake mwenyewe, mwezi huohuo mama yake anasubiri pesa za dawa. Jamani.

Hali ni tofauti kama gari si lako. Gari la bosi, gari la kukodi, gari la kampuni ya ujenzi ulilokabidhiwa kwa saini yako. Hapo muda unakwenda kinyume chako, kwa sababu mwenye gari ndiye atachagua gereji na wewe utaletewa bili. Kampuni ya kukodisha, kwa mfano, ikikuta mbonyeo siku ya kurudisha gari itakuandikia bei yake. Kwa hiyo siku unapolichukua, kabla ya kuwasha injini, zunguka gari lote kwa video ya simu, mwanga wa mchana, na uitume papo hapo kwa WhatsApp kwa yule aliyekukabidhi ili tarehe ibaki. Dereva wa nyumba afanye hivyo siku ya kwanza ya kazi. Wengi wanalipia mibonyeo ya dereva aliyewatangulia.

Karatasi ya polisi na bima

Kwa mlioko Falme za Kiarabu, gereji hairuhusiwi kutengeneza gari lililogongwa bila karatasi ya polisi. Watu wengi wanadhani karatasi hiyo ni ya ajali kubwa tu. Hata ukilikuta gari lako limegongwa maegeshoni na aliyegonga kakimbia, unaripoti, unalipa ada, unapata karatasi ya aliyegonga asiyejulikana. Kama aliyegonga yupo na kosa ni lake, msimalizane kwa noti ya dirham 100 huku mkono unatetemeka. Bima yake ndiyo inatakiwa kulipa, na wewe huna haja ya kujua bei ya fundi hapo barabarani.

Upande wa bima yako mwenyewe, fanya hesabu kabla ya kupiga simu. Magari mengi ya zamani yana bima ya kulipa wengine tu, hiyo haikugusi wewe. Kama una bima kubwa, tuseme sehemu ya kwanza unayojilipia mwenyewe kwenye kila dai ni dirham 350, na tuseme mwakani utapoteza punguzo la asilimia 10 kwenye bima ya dirham 1,500, yaani 150. Dai lako "la bure" limekugharimu 500. Fundi wa shaft akikwambia 200, lipa mwenyewe na bima iache ipumzike. Ila mvua ya mawe ni habari nyingine. Februari 2024 mawe ya barafu yalianguka Al Ain, magari yakawa kama yamepigwa nyundo kutoka juu hadi chini. Ndugu zetu wa Texas na Colorado wanayajua haya. Gari lenye mibonyeo 60 ni kazi ya bima kubwa, na hapo hasa kunyoosha bila rangi ndiyo njia inayotumika zaidi, maana kupiga rangi paa, boneti na buti zima kungekuwa ghali zaidi.

Walioko Uingereza wenye magari ya mkataba, yale unayolipa kila mwezi na kuyarudisha mwisho, msome kanuni za uchakavu wa kawaida kabla ya siku ya kurudisha. Mwongozo wa chama cha wakodishaji, BVRLA, unakubali mibonyeo isiyozidi milimita 15, si zaidi ya miwili kwenye paneli moja, mradi rangi haijapasuka na haiko kwenye paa wala kwenye mstari wa ubavuni. Pima kwa rula. Wa milimita 12 mlangoni usiutoe, utakuwa unalipia kitu ambacho hakidaiwi. Wa milimita 25 utoe mwenyewe wiki mbili kabla, usisubiri bili yao.

Kumpata fundi

Mwambie "shaft, bidun sabgh", yaani bila rangi, na urudie hiyo bidun sabgh mpaka akubali kwa kichwa, kwa sababu gereji ya puti ikiona mteja mgeni itasema ndiyo kwa kila kitu. Tuma picha kwa watatu. Picha nzuri haipigwi kwa kusimama mbele ya mbonyeo. Simama pembeni, ufanye mstari wa ukuta au wa taa ndefu uonekane umepinda juu ya bodi, na uweke sarafu kando ili ukubwa ueleweke. Bei itatofautiana kwa ukubwa, kina, mahali, na kama itabidi afungue mlango. Mbonyeo wa kwanza ndio wa bei, unaofuata siku hiyohiyo kwa kawaida unashuka sana, kwa hiyo kama mko watatu kambini wenye magari nendeni pamoja.

Muulize kama atatoboa tundu. Wapo wanaotoboa bati ya ndani ili chuma kipite, na tundu hilo ni mlango wa kutu. Mwambie hapana. Muulize pia akishindwa itakuwaje. Jibu sahihi ni kwamba hulipi, au unalipa kidogo. Na usilipe kabla ya kuona kazi, wala usiikague jioni. Ikague mchana nje, halafu ndani chini ya taa ndefu, ukitembea taratibu huku unafuata mstari wa taa unavyopita juu ya bodi.

Yule kijana anayekufuata kwenye maegesho ya supamaketi na boksi lake mgongoni, "boss, dent, cheap price, ten minutes", mkwepe. Mtindo huu uko Dubai, uko London, uko Houston. Atapaka kitu cheupe, atasugua, atakwambia usioshe kwa siku tatu ili dawa ikauke. Siku ya nne ukiosha, mbonyeo uko palepale na mara nyingine umeongezewa mikwaruzo. Bei aliyoanza nayo ilikuwa 50, aliyomaliza nayo ni 300, na wenzake wawili wamesimama karibu.

Kuhusu zile video za mashine ya kukaushia nywele na barafu: tumejaribu, kwenye gari letu lilelile, kabla ya kwenda kwenye puti. Hakikutokea kitu zaidi ya kulowa. Kile kikombe cha mpira cha kuzibulia sinki kinaweza kuvuta mbonyeo mpana wa juujuu, ila mara nyingi kinaacha ukingo uliopinda kama pete, na fundi atakayekuja baada yako atakuwa na kazi kubwa kuliko ile ya mwanzo. Kama gari ni la bosi, usiguse kabisa.

Turudi kwa kaka wa Muscat. Alipata fundi Wadi Kabir, akamtumia picha, akaambiwa rial 15. Madam mwanzoni alikataa, akadhani ni ujanja wa kukwepa kulipa. Tukamshauri asimbishie. Ampe karatasi mbili za bei, ya 55 na ya 15, amwambie kwa heshima kwamba gari litabaki na rangi ya wakala, na kwamba kazi ikiwa mbaya bado gereji ya kwanza ipo. Lile neno "rangi ya wakala" ndilo lililofanya kazi. Madam mwenyewe aliwahi kuuza gari, akajua maana yake.

Kazi ilichukua saa moja na nusu. Ukiinama na kuangalia kwa upande, jua likiwa chini, bado utaona alama ndogo kama alama ya kidole. Fundi alimwambia tangu mwanzo itabaki. Madam aliangalia, akaangalia tena, akasema khalas. Zile 15 zilikatwa kwenye mshahara, na sisi tunaona kwa toroli la mtu mwingine hazikutakiwa kukatwa, lakini kaka mwenyewe aliona asifike huko. Akalipa, akaomba risiti yenye namba ya gari na maneno ya Kiarabu "bila rangi", nakala moja akampa madam, moja akaipiga picha. Ada ya mtoto ilitumwa tarehe 28, pungufu ya kidogo, na mwalimu mkuu akakubali iliyobaki iende mwezi uliofuata.

Wenye picha za mibonyeo yenu mnaweza kututumia kwenye kisanduku cha ujumbe, pigeni kwa pembeni kama tulivyoeleza, na mtuambie mko mji gani na gari ni la nani.